Kesi ya Refa Aliyepikwa

Vijana wa kamati ya nidhamu, siku ile mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa zamani. Nimekaa miezi miwili hapa nyumbani Kapkatet nikichuma majani yangu mwenyewe, na mgongo umenikumbusha kwamba kuketi mezani pia ni baraka. Basi naandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala ni nani alinipita, maana hayo hayamsaidii mtu. Nitawaeleza jinsi tulivyojifunza kutomhukumu mchezaji kwa sababu tu watu wengi wamesema ni yeye.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya chai upande wa Kericho, na ligi ya eneo letu ilitafuta mtu anayejua hati mkato na kupiga taipu. Meneja wangu akanitoa sadaka. Siku ya kwanza nilifika kwenye ukumbi wa kamati nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, nikavuka matope ya uwanja mzima. Mjumbe mmoja, Bwana Cheruiyot, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye yale matope.

“Wewe ndiye wa chai?”

“Ndiyo,” nikajibu. “Natoka kampuni ya chai.”

“Basi leta. Tumekauka koo.”

Nikaleta, halafu nikakaa kwenye kiti cha katibu, nikafungua daftari. Kutoka siku hiyo chai alileta mwingine.

Lazima mwelewe wachezaji wa wakati ule walikuwa nani. Kwenye karatasi walikuwa makarani, mafundi na wapimaji wa majani. Kwa kweli waliajiriwa kwa miguu yao. Timu ikimwacha mchezaji, kampuni nayo ilimwacha, na nyumba ya kampuni ilikwenda pamoja na kazi. Kwa hiyo tulipoandika “afungiwe mwaka mmoja,” tulikuwa pia tunaandika kwamba mke wake afunge godoro, watoto wahame shule. Wajumbe wengine walilijua hilo, wengine hawakutaka kulijua.

Aliyelijua zaidi alikuwa mwenyekiti wetu, Mzee Langat. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama, mtu mfupi, mpole, mwenye koti moja la kijivu ambalo nadhani lilizaliwa naye. Mfukoni alibeba penseli mbili, ya bluu na nyekundu. Ripoti ikiletwa, alipiga mstari wa bluu chini ya kila kitu ambacho shahidi aliona kwa macho yake, na mwekundu chini ya kile alichosikia au kudhani. Akimaliza ananisukumia karatasi. Mara nyingi ilirudi kama mtu aliyetoka damu puani.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wangu wa kwanza, na sijawahi kulisema mbele yenu. Kulikuwa na winga mmoja, Kirui, kijana wa Chebunyo, aliyeshtakiwa kwa kumtemea mate mpinzani. Tulimwandikia barua ya kumwita. Siku ya kesi hakuonekana. Nikaandika kwenye kumbukumbu: “Mchezaji alikataa kuja.” Wajumbe wakasikia “alikataa,” wakakasirika, wakamfungia mwaka mzima bila kumsikiliza. Mzee Langat siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Aliporudi akasoma, akavua miwani. “Ulimwona akikataa?”

“Hapana, mzee. Hakuja tu.”

“Basi andika hakuja. ‘Alikataa’ umeitoa wapi?”

Nilifuata ile barua mpaka Chebunyo siku ya soko, nikapanda lori lililokuwa likienda kuchukua ng'ombe. Niliikuta kwenye duka tulikoiacha ili afikishiwe, juu ya rafu, haijafunguliwa, imewekewa kopo la mafuta ya kupikia. Kirui mwenyewe nilimkuta akiuza mbuzi. Ndipo nilipomwambia kwamba amefungiwa. Hakunigombeza. Alisema tu, “Kumbe nilikuwa na kesi?” Tukamrudisha baada ya wiki chache, lakini timu yake ilikuwa imeshampa mtu mwingine nafasi yake, na hakucheza tena ligi. Kuanzia hapo barua ya kumwita mchezaji niliipeleka kwa mkono wangu, akatia sahihi mbele yangu. Mlikuwa mnanicheka kwa tabia hiyo. Sasa mnajua.

Kesi niliyotaka kuwaeleza ilikuja kama miaka miwili baadaye. Timu yetu ya kampuni ilikwenda kucheza karibu na Silibwet, kwenye uwanja wa klabu ambayo sitaitaja jina kwa sababu watoto wa viongozi wake bado wananisalimia kanisani. Beki wetu wa kati, namba tano, alikuwa Ombati, mtu wa kutoka Kisii, mkubwa kama mlango, anafanya kazi kiwandani kwenye sehemu ya kunyausha majani. Dakika za mwisho wenyeji wakapewa penalti. Ombati akamkimbilia refa, akamshika shati, akamtukania mama. Refa akatoa kadi nyekundu. Wachezaji wakajaa hapo, watu wakaingia uwanjani, na wakati huohuo mvua ya mawe ikashuka, ile ya kwetu inayotoboa majani ya chai. Watu walipotawanyika, refa alikuwa chini, kichwa kinatoka damu.

Refa huyo alikuwa Mwalimu Rono wa shule ya msingi, mtu wa heshima, mzee wa kanisa. Alishonwa nyuzi tano. Jumatatu ripoti yake ilifika mezani kwangu, pamoja na maelezo ya washika vibendera wawili. Zote tatu zilisema kitu kimoja: namba tano alimpiga refa kichwani. Adhabu ya kumpiga refa ilikuwa kufungiwa maisha.

Meneja wa kiwanda hakungoja. Alimwandikia Ombati barua kwamba akipatikana na hatia, nyumba aiache mwisho wa mwezi. Barua hiyo niliipiga taipu mwenyewe, maana kazi ni kazi. Siku hiyohiyo nikampelekea ile yetu ya kumwita kwenye kesi. Nilimkuta mlangoni kwake na mkewe, Kemunto. Vyombo vilikuwa tayari kwenye gunia.

“Madam,” Ombati akaniambia, “mimi nilimtusi refa. Nilimshika shati. Hiyo siwezi kukataa. Lakini kugonga mtu kichwa? Mzee kama yule? Hapana.”

“Utayasema siku ya kesi.”

“Nikisema, nani ataamini? Mimi ndiye niko na mwili mkubwa, mimi ndiye nilikuwa na hasira, na mimi ndiye natoka mbali.”

Miaka ile, mnajua au mmesimuliwa, watu wa kwetu na majirani wa makabila mengine walikuwa wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Kemunto aliendelea kufunga kamba ya gunia.

Jumapili baada ya ibada, shemeji yangu akanijia nyumbani. Mume wangu kwao ni Silibwet, na shemeji alikuwa shabiki wa ile klabu mpaka kwenye mifupa. Akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

“Tumesikia uko na ile faili ya mtu wa Kisii.”

“Niko nayo.”

“Hiyo kesi si iko wazi? Mwalimu Rono ni mtu wetu. Wewe pia ni mtu wetu. Usilete maneno mengi.”

“Shemeji, mimi kazi yangu ni kuandika tu.”

“Basi andika vizuri,” akasema, akachukua kofia yake.

Nikaamua kufuata ushauri wake. Jumatatu nilizitandaza zile karatasi tatu mezani, zote za herufi kubwa zisizoonyesha mwandiko wa mtu, nikazisoma pole pole kuliko nilivyowahi kusoma kitu. Kwanza nilitazama ya mshika kibendera wa kwanza, Kipsigis kama mimi. Alikuwa ameandika: “Nilimuona namba tano akimpika refa kichwani.” Nikatabasamu. Sisi kwa ulimi wetu g na k zinabadilishana nafasi, hata mimi mwenyewe nilipigwa viboko shuleni kwa kosa hilo. Nikachukua karatasi ya pili. “Nilimuona namba tano akimpika refa kichwani.” Sahihi ya hii ilikuwa ya Kamau, mshika kibendera wa pili, fundi wa viatu aliyetoka Nyeri. Tabasamu likaniisha. Kamau angekosea, angekosea kwa r na l. Kupika na kupiga hakuwahi kuvichanganya maishani mwake. Ripoti ya refa nayo, kwenye mstari wa tatu, ilikuwa na pishi lilelile.

Nilimpelekea Mzee Langat. Akasoma, akasoma tena, akatoa ile penseli nyekundu lakini hakuandika.

“Kulingana na karatasi hizi,” akasema, “refa alipikwa. Sasa kamati itauliza ni nani alikula.” Halafu akaacha mzaha. “Umeshauona uwanja?”

Sikuwa nimeuona. Nikaenda. Nyuma ya goli lililo karibu na pale refa alipoanguka palikuwa na lundo la kokoto za kutengenezea barabara, na alama za viatu zilikuwa zimejaa juu yake. Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchoma hapo akaniambia watu husimama juu ya lundo hilo kila mechi ili waone vizuri. Nikauliza kama siku ile kuna mtu alirusha kitu. Akageuza mahindi yake. “Mawe yalikuwa mengi,” akasema. “Ya juu na ya chini.” Zaidi ya hapo hakutaka kusema, na sikumlazimisha. Nikarudi kupitia dispensari aliyoshonewa Mwalimu Rono. Yeye mwenyewe alikuwa amenipa ruhusa kwa maandishi nione kadi yake, kwa kuwa alidhani itaongeza uzito wa kesi. Kadi ilisema kidonda kiko kisogoni.

Sheria ya ligi ilikuwa hivi: mchezaji akimpiga refa, anafungiwa mchezaji. Shabiki akimpiga refa, klabu ya nyumbani inafungiwa uwanja na kunyang'anywa alama. Sikuhitaji kuwa wakili kuona ni nani angefurahi ikiwa ni mchezaji.

Kesi tuliisikiliza Jumamosi asubuhi. Ombati alikuja na suti ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo vya mikono. Alisema yaleyale aliyoniambia mlangoni, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akaitwa Kamau. Mzee Langat hakumuuliza swali. Alimpa karatasi nyeupe na kalamu.

“Bwana Kamau, niandikie hapo: nilimwona mchezaji akimpiga refa.”

Kamau akaandika. Mzee akaiweka karatasi hiyo kando ya ile ya kwanza, akazigeuza zote mbili zimwelekee Kamau.

“Hapa umempiga. Huku ulimpika. Ni mkono mmoja ulioandika?”

Kamau akazitazama karatasi, akamtazama Ombati, akashusha macho.

“Sikuandika, mzee. Nilipewa nikaweka sahihi.”

“Na nani?”

“Katibu wa klabu ya nyumbani. Tulikuwa hotelini, tumelowa, tunangoja kujua kama refa ataamka. Akasema ameshatuandikia ndio tusichelewe kwenda nyumbani.”

“Ulimwona namba tano akipiga?”

“Mimi nilikuwa kona ya mbali. Hiyo mvua ilikuwa inanipiga kwa macho. Sikuona mtu yeyote akipiga yeyote.” Akameza mate. “Lakini kila mtu alisema ni yeye.”

Mshika kibendera wa kwanza akaitwa, naye akasema vivyo hivyo, kwa aibu zaidi. Nikatazama penseli ya Mzee Langat ikipita chini ya mistari. Karatasi yote ikawa nyekundu.

Akabaki Mwalimu Rono mwenyewe. Bandeji ilikuwa bado kichwani, na alikaa wima kama anayesubiri kupigwa picha. Nilimwonea huruma. Mzee Langat alizungumza naye kama unavyozungumza na mtu aliyefiwa.

“Mwalimu, pole sana. Kidonda kiko wapi?”

“Huku nyuma.”

“Ulipopigwa ulikuwa unaangalia wapi?”

“Mbele. Nilikuwa naandika namba ya huyu kwenye kadi yangu.”

“Naye alikuwa wapi?”

Mwalimu Rono akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Nilimwona akirudi uwanjani akilini, akisimama tena pale, akihesabu watu. Hakuna aliyemharakisha, hata Bwana Cheruiyot.

“Alikuwa mbele yangu,” akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. “Bado alikuwa ananitukana.”

“Basi hii ripoti?”

“Nilipozinduka nilikuwa kwenye benchi la hoteli. Watu wote wananiambia namba tano, namba tano. Nikaamini. Mwenyekiti, ni nani mwingine alikuwa na hasira na mimi siku hiyo? Karatasi ikaletwa, kichwa kinaniuma, nikaweka sahihi.” Akainama. “Miaka ishirini nafundisha watoto wasinakili kazi ya mwenzao.”

Tukawatoa wote nje, tukabaki wajumbe. Bwana Cheruiyot hakuwa ameridhika, na nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mwalimu Rono. “Kama si huyu, ni nani?” akasema. “Refa ameshonwa. Tumwambie nini? Lazima mtu alipie hii kitu.”

“Kidonda ni cha kweli,” Mzee Langat akajibu. “Lakini kidonda hakitaji jina la mkono.”

“Watu wa Silibwet watasema tumenunuliwa.”

“Watasema. Mimi nimekaa mahakamani miaka mingi, Cheruiyot. Nimeona mtu akifungwa kwa sababu alikuwa na sura ya kosa. Baadaye mwenye kosa akapatikana, na yule wa kwanza akatoka, lakini mke alikuwa ameshaolewa kwingine. Karani aliyeandika nilikuwa mimi.” Hakuwahi kunieleza hilo kabla, wala hakulirudia tena. Cheruiyot akainua mkono wake pamoja na wetu.

Tuliandika hivi: kwa kumtukana refa na kumshika shati, makosa aliyoyakubali, Ombati akose mechi mbili. Kuhusu kumpiga refa, haikuthibitishwa. Katibu wa klabu aliyewaandikia mashahidi maneno aliitwa peke yake wiki iliyofuata, akapewa nafasi ya kujieleza kama mwingine yeyote, akasimamishwa msimu mzima. Klabu ilipewa onyo kwa kuacha watu waingie uwanjani, na ikaondoa lile lundo. Nani alirusha jiwe, kama lilikuwa jiwe, hatukujua. Sijui hadi leo.

Barua ya uamuzi nilimpelekea Ombati mwenyewe. Nilimsomea mlangoni, Kemunto amesimama nyuma yake.

“Hiyo ‘haikuthibitishwa,’” Ombati akauliza, “ni kusema sikugonga?”

“Ni kusema hakuna aliyeonyesha kwamba uligonga.”

“Si kitu moja, madam.”

“Si kitu kimoja,” nikakubali. “Lakini sisi hatukuwa pale. Tukiandika tusichokiona, tutakuwa kama yule katibu.”

Alifikiri. “Na hizo mechi mbili?”

“Hizo zimebaki.”

“Hizo ni zangu,” akasema. “Nilimtusi kweli.” Kemunto hakungoja tumalize. Nilimsikia ndani akifungua lile gunia, sufuria zikigongana.

Meneja aliiondoa barua yake kwa mistari miwili, bila pole. Shemeji yangu hakunisemesha mpaka msimu wa mvua uliofuata, ng'ombe wake aliposhindwa kuzaa na mume wangu akaenda kumsaidia. Ndivyo ilivyo. Mkitenda haki kwenye kazi hii msitegemee kupigiwa makofi, na mkipigiwa sana mwangalie tena mafaili yenu.

Jumamosi ya pili ya adhabu yake, timu yetu ilicheza nyumbani. Ombati alikuwa ameketi peke yake kwenye nyasi kando ya uwanja, na mimi nilikuwa mezani karibu naye na orodha ya wachezaji. Nikamwona Mwalimu Rono akija kwa miguu kutoka upande wa barabara, bila bandeji, kofia imefunika kovu. Alikuwa ameomba asipangiwe mechi kwa muda. Alizunguka uwanja wote, akafika kwa Ombati, akasimama.

“Naweza kukaa?”

Ombati akasogea, ingawa nafasi ilikuwa tele.

Walitazama mpira kipindi kizima cha kwanza. Wakati wa mapumziko nikamsikia Mwalimu Rono akisema, “Nilitia sahihi kitu sikuona. Nisamehe.”

“Mwalimu, na mimi nilitusi mama yako.”

“Alishakufa, Mungu amrehemu.”

“Basi nimekosea watu wawili,” Ombati akasema, na akampa mkono.

Kipindi cha pili refa, mwanamume mgeni kutoka mbali, alitunyima penalti ambayo hata mimi niliiona. Mwalimu Rono alisimama wima, kofia ikaanguka, akapiga kelele kwamba refa ni kipofu na alisomea porini. Ombati akamvuta koti akamketisha.

“Mwalimu, tulia,” akamwambia. “Huyu madam pale anaandika.”

Nilikuwa na kalamu mkononi kweli. Nikaifunga.